Acheni Kuabudu Chuma cha Zamani

Kaa kijiwe chochote cha Mbugani, hapa Kyela, jioni, bodaboda zimepaki na hadithi zimekolea, halafu taja neno gari. Hukumu itatolewa papo hapo: magari yalikuwa ya zamani. "Haya ya siku hizi ni plastiki tu, kaka. Chuma kilikuwa enzi zile." Ukiomba ushahidi utaonyeshwa njia ya Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Utaambiwa habari za magari-nyumba ya Wazungu yanayovuka mpaka wa Kasumulu yakitokea Malawi, yakapita Ipinda mpaka ufukweni, yakakaa chini ya miembe wiki nzima. Ndani mna kitanda, jiko na tangi la maji. Nje ni Mercedes-Benz au Land Rover yenye umri mkubwa kuliko kijana anayeisimulia. Limetoka Ulaya kwa magurudumu yake, na bado linawaka kwa funguo mara moja.

Hapo ndipo hitimisho hatari linapotolewa. Kama hilo la mwaka 1980 limefika Matema, mimi nitakosea wapi nikinunua Hiace ya mwaka 1995 kwa fedha kidogo niliyovuna kwenye kakao? Ya kale ni dhahabu, na dhahabu ikiuzwa rahisi mjinga ndiye anayeiacha.

Imani hii inafilisi watu, na inafilisi zaidi wale wenye fedha kidogo ambao wanadhani inawaokoa. Umri haujawahi kuwa sifa ya gari, wala bei ndogo haijawahi kuwa unafuu. Mnunuzi wa gari lililotumika ananunua hali yake, basi. Na kitakacholiweka barabarani ni fedha inayobaki mfukoni baada ya kulilipia. Mengine yote ni ngano za kijiweni.

Tuanze na swali ambalo kijiwe hakiulizi: yale mengine yako wapi? Barabara za Tanzania za miaka ya 1970 na 1980 zilijaa Peugeot 404 na 504, Kombi za Volkswagen, Land Rover za serikali, malori ya Leyland. Dar es Salaam ilikuwa na yale mabasi marefu ya UDA, Ikarus kumbakumba. Hayo yote yalikuwa chuma cha zamani. Leo ukiona moja linatembea unaita watoto walitazame. Mengine yalikatwa vipande, yakauzwa kwa kilo. Tunayahesabu magari yaliyopona na kuyaita ushahidi. Yaliyokufa, ambayo ndiyo mengi, hayana wa kuyasemea.

Na yale yaliyopona hayakupona kwa sababu ya uzee. Lichukue gari-nyumba la Mjerumani pale ufukweni, mojawapo ya zile Mercedes-Benz zilizoanza kuundwa Düsseldorf mwaka 1967. Kwao gari hukaguliwa kwa lazima; magari madogo kwa kawaida kila miaka miwili. Likikutwa chasisi imeoza au breki zinavuta upande, halirudi barabarani mpaka litengenezwe. Likifikisha miaka 30 likiwa bado na hali nzuri na sura yake ya asili, sheria inaruhusu lipewe namba maalumu ya magari ya kihistoria, yenye herufi H mwishoni, na mwenyewe hulipa kodi ya jumla isiyofika euro 200 kwa mwaka. Serikali yake inamlipa, kwa njia ya kodi, alitunze. Gari unalolionea wivu limefanya mitihani kila baada ya muda tangu kijana wa bodaboda hajazaliwa, na siku ambayo lingefeli lisingefika Kasumulu.

Mtazame na mwenyewe. Asubuhi kabla ya chai amefungua boneti, anapima oili, anapapasa mipira ya rejeta. Amebeba filta, mikanda, mipira, spana za kila saizi na kitabu cha gari hilo. Anatembea mwendo wa pole, watu wawili ndani, na injini ikichoka anapumzika siku nne akitazama milima ya Livingstone. Sasa chukua Hiace ya umri uleule, ikabidhi kwa dereva wa siku anayedaiwa hesabu jioni, ijaze abiria mpaka mlangoni, pandisha magunia ya mchele juu ya keria, iamshe saa kumi alfajiri ianze kupanda kwenda Mbeya. Halafu uniambie kwamba yale ni magari mamoja kwa sababu yalizaliwa mwaka mmoja.

Wapo wanaonitajia Kuba, wakisema kule Wamarekani waliacha magari miaka ya 1950 na mpaka leo yanabeba abiria. Ni kweli yanabeba. Lakini fungua boneti ya mengi kati yake utakuta injini ya dizeli iliyotoka Japani, Korea au Urusi ya zamani, gia boksi ya gari jingine, na breki zilizochongwa na fundi wa mtaani. Bodi ndiyo ya 1955. Wakuba hawakuyahifadhi magari hayo kwa mapenzi; kwa miongo mingi hawakuruhusiwa kwa urahisi kununua mengine. Kuwasifia kwa hilo ni kuisifia dhiki yao.

Turudi kwetu, kwenye magari tunayonunua kweli: Noah, Hiace, Coaster, Probox kutoka Japani. Kwa nini Mjapani anauza rahisi gari ambalo bado linatembea? Dalali atakwambia Wajapani ni matajiri, wanachoka haraka. Ukweli uko kwenye sheria za kwao. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na ada na matengenezo yake ni gharama kubwa. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi yake ya mwaka hupanda kwa takriban asilimia 15. La dizeli hupandishiwa likiwa na miaka 11. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona kulitunza ni ghali kuliko kulibadilisha, analipeleka mnadani. Kwa maneno mengine, watu wenye vipato vikubwa kuliko vyetu, wenye barabara laini kuliko zetu, wamekaa chini na kalamu na kuamua kwamba gari la umri huo linawatia hasara. Sisi tunalipokea tukishangilia.

Simaanishi kwamba kila gari linalotoka huko ni bovu. Mengi ni mazima, yamefukuzwa na kodi tu. Ila uzima huo una karatasi zake. Kule mnadani kila gari huandikiwa fomu ya ukaguzi: alama ya jumla, kwa mfano 4 au 3.5, na mchoro wa bodi uliojaa herufi. A ni mchubuko, U ni bonde, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. Alama ya jumla ikiwa R, gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Cheti cha kulifutia usajili ili lisafirishwe huonyesha pia kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Ukiagiza gari bila kuomba karatasi hizo, umenunua picha. Muuzaji wa yadi anayekwambia karatasi zilipotea bandarini lakini gari limetulia kabisa, mshukuru na uondoke.

Halafu kuna hesabu ya kodi ambayo wapenzi wa chuma cha zamani huisahau mpaka meli ifike. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda ilifunga mlango mwaka 2018 kwa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haijafunga, imeamua kutoza. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka minane hadi kumi hubeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 15. Likizidi miaka kumi, asilimia 30. Mabasi na malori yana viwango vyake. Ushuru huo unakuja juu ya ushuru wa forodha, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yake, kwa hiyo unalipia uzee, halafu unalipa kodi juu ya malipo ya uzee. Na Mamlaka ya Mapato, TRA, ina bei zake yenyewe za kukadiria thamani. Haifuati risiti yako ya kupunguza machozi. Noah mbili zikishuka bandarini, moja ya miaka saba na nyingine ya miaka kumi na miwili, tofauti uliyoifurahia ulipokuwa unaagiza inaweza kuyeyuka nusu kabla hujapata namba.

Namba nazo zina uongo wake. Tunapima magari ya mkononi kwa herufi: hili ni namba B, lile ni namba D, lile la jirani ni namba E, mambo yake safi. Herufi hiyo inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haisemi liliundwa lini. Gari la mwaka 1998 lililoingia nchini likiwa na miaka 17 linatembea na namba D kifua mbele, wakati la 2006 lililoletwa mapema linadharauliwa kwa sababu ni namba B. Mwaka wa kuundwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Ni mstari mmoja tu wa kusoma, na watu wanatoa mamilioni bila kuusoma.

Sasa tuingie chini ya gari, mahali ambapo uzee unaishi. Chuma chenyewe si tatizo kubwa. Silinda ya Toyota inaweza kumzika mnunuzi wa tatu. Kinacholiua gari kwanza ni kutu na mpira. Magari mengi ya Hokkaido na ya pwani ya Bahari ya Japani yametembea miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Chumvi hiyo hukaa ndani ya kingo za chasisi, na juu yake muuzaji hupuliza rangi nyeusi inayong'aa. Lilete gari hilo Kyela, wilaya inayopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ambako Aprili barabara za ndani za Kajunjumele na Mwaya ni matope na madimbwi. Kilichoanzishwa na chumvi ya Japani kinamaliziwa na masika ya Nyasa. Fundi akichomeka bisibisi kwenye chasisi ikapenya, hilo halina marekebisho madogo madogo. Hilo ni jeneza lenye leseni.

Mpira nao una umri wake, hata gari likiwa limelala. Mipira ya rejeta, sili, bushi, mkanda wa taimingi, vyote hukauka na kupasuka kwa miaka, siyo kwa kilomita tu. Ndiyo maana kauli ya dalali kwamba gari lina kilomita chache, lilikuwa la mama mmoja mzee analitumia kwenda sokoni, haipaswi kukutuliza. Gari la miaka 20 lenye kilomita 60,000 linaweza kuwa na mkanda wa taimingi uleule lililotoka nao kiwandani. Ukikatika, kwenye injini nyingi valvu zinakutana na pistoni, na hapo unafungua injini nzima. Tairi ndiyo mfano rahisi kuuhakiki: ubavuni mwake kuna tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukisoma 2312, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Ina kashata nzuri, inang'aa kwa dawa, na inaweza kupasuka ukiteremka Kiwira.

Barabara yetu haina huruma kwa uzee. Kutoka Kyela, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, unapanda Tukuyu kwenye mita zipatazo 1,500, halafu unapita Isyonje juu ya mita 2,000 kabla ya kushuka Uyole. Safari ni ya zaidi ya kilomita 100 tu, lakini ndani yake kuna mtihani ambao gari la tambarare halifanyi kwa mwaka. Kupanda kunaipima rejeta: iliyoziba nusu itavumilia mizunguko ya Kyela mjini miezi sita bila kulalamika, halafu itachemsha siku ya kwanza ya mlima na kuondoka na gasketi ya silinda hedi. Kushuka kunapima kitu kibaya zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyozeeka joto la kuchemka kwake hushuka. Dereva anayeteremka muda mrefu akikanyaga breki huyapasha moto. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na pedo inazama mpaka chini bila gari kusimama. Watengenezaji wengi wanashauri yabadilishwe kila miaka miwili. Muulize mwenye gari la namba A aliyabadilisha lini, halafu msikilize anavyobadilisha mazungumzo.

Kwa anayeota gari-nyumba hasa, hesabu ni mbili. Wapo vijana wanaoona wageni wa Matema na kupata wazo zuri: nunua Coaster iliyochoka, toa viti, weka kitanda na jiko la gesi, kodisha. Wazo halina kasoro. Kasoro iko kwenye imani kwamba Coaster iliyochoka ndiyo mahali pa kuanzia. Gari-nyumba ni gari na nyumba vikiwa na mwili mmoja, na vyote viwili vinazeeka. Wanunuzi wa Ulaya wanajua kwamba muuaji mkubwa wa gari-nyumba la zamani ni maji yanayopenya kwenye maungio ya paa na madirisha, yakaozesha mbao za ndani ya kuta bila mtu kuona. Harufu ya uvundo na ukuta unaobonyea kidoleni ni sababu ya kuondoka bila kuuliza bei. Sasa fikiria mwili huohuo chini ya mvua za Kyela. Ongeza jiko la gesi lenye mpira uliopasuka, waya za umeme zilizounganishwa na mafundi watatu tofauti, na uzito wa kitanda, tangi na mitungi juu ya springi zilizolala. Ukikodisha chombo hicho kwa mgeni, umemkodisha hatari.

Kuna na mtego mwingine wa mpakani. Mara mojamoja msafiri aliyechoka hutaka kuliacha gari lake huku na kurudi kwao kwa ndege. Bei anayotaja inatia kizunguzungu, na kijiwe kizima kitakusukuma ulichukue. Kumbuka gari hilo liliingia nchini kwa kibali cha muda au kwa hati ya dhamana ya kimataifa, kwa ahadi kwamba litatoka. Haliwezi kuwa lako mpaka forodha wamelipwa, na kwa umri wake, malipo hayo yanaweza kuipita bei ya gari. Bila hivyo huna kadi, huna bima, na siku ya kukaguliwa huna la kujieleza. Tena usukani wake mara nyingi uko kushoto, na spea zake ziko Hamburg. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hilo limejitembeza kutoka Ulaya.

Watetezi wa chuma cha zamani wana hoja mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba gari la zamani linatengenezeka: halina kompyuta, kila fundi analijua, spea zimejaa. Kuna ukweli mkubwa hapo. Injini za dizeli kama 5L ya Hiace au 1HZ ya Coaster na Land Cruiser zimejijengea heshima kwa haki, na mafundi wetu wengi waliteseka na injini za petroli za D-4 zilipoanza kuingia. Lakini hoja hiyo inasifu urahisi wa muundo, haisifu uzee. Injini rahisi iliyotunzwa ni mali. Injini rahisi iliyochemshwa mara nne, ikawekwa spea za mtumba na kufungwa kwa gundi, ni rahisi kufunguliwa tu, na utaifungua sana. Fundi kulijua gari lako kwa sababu linakwenda kwake kila wiki si habari njema.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mtu atasema: ndugu mwandishi, hayo ni maneno ya wenye nacho. Mimi fedha yangu ndiyo hii, gari jipya sitalipata mpaka nife, ulitaka nitembee kwa miguu? Sikutaka hivyo. Nataka huyo asiye nacho aache kutumia kanuni za tajiri. Tajiri akinunua gari bovu, ana fedha ya kulitengeneza na gari jingine la kupanda wakati liko gereji. Mwenye fungu moja la fedha, lililotoka kwenye mpunga wa mwaka mzima au kwenye kakao, hana nafasi ya kukosea mara mbili. Bei ya kakao duniani ilipovuka dola 10,000 kwa tani Machi 2024, wengi waliamini mvua hiyo ya fedha haitakatika. Ilikatika. Gari lililonunuliwa kwa fedha ya mwaka mzuri linapaswa kuweza kuishi mwaka mbaya, na gari lililomaliza fedha yote siku ya kununuliwa haliwezi.

Kwa hiyo, mwenye fungu dogo, ligawe mara tatu kabla hujatoka nyumbani. Sehemu mbili ndizo bei ya gari, pamoja na kodi na usajili. Sehemu ya tatu haiguswi. Hiyo ni ya tairi, mkanda wa taimingi, mipira, mafuta yote, breki na betri, vitu unavyobadilisha wiki ya kwanza bila kujali muuzaji amesema nini. Ikiwa sehemu mbili hazitoshi Coaster, nunua Noah. Hazitoshi Noah, nunua gari dogo zaidi lenye umri mdogo zaidi. Hazitoshi hilo, ungana na nduguyo au kikundi chenu, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Gari dogo zima linaingiza fedha; gari kubwa bovu linaingiza lawama.

Nunua wakati wa masika, siyo kiangazi. Aprili maji yanaonyesha paa linalovuja, madirisha yasiyoziba na umeme unaokorofisha. Nenda asubuhi kabla injini haijawashwa, kwa sababu muuzaji anayelipasha gari moto kabla hujafika anaficha jambo. Fungua kifuniko cha rejeta likiwa baridi. Ukiona utando wa oili, funga na uage. Liingize kwenye shimo la gereji ambayo si ya rafiki wa dalali, na umlipe fundi wako mwenyewe. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, hakikisha jina la kwenye kadi ni la mtu anayepokea fedha, na uangalie faini za barabarani zinazodaiwa. Mwisho, omba mlipandishe Tukuyu na kurudi, mkiwa na mzigo. Mwenye gari akikataa, ameshakujibu.

Ajabu yetu ni kwamba ujuzi huu tunao katika mambo mengine. Nenda gulio la Lyulilo, karibu na Matema, uone akina mama wanavyonunua vyungu vya Wakisi. Hakuna anayelipa kabla ya kukigeuza chungu, kukigonga kwa kidole na kusikiliza mlio, na hakuna anayeambiwa kipo tangu enzi za bibi akakubali kwamba kwa hiyo hakivuji. Mama huyohuyo mume wake anatoa mamilioni kwa gari lililooshwa vizuri, kwa sababu mtu aliyevaa miwani ya jua amesema injini haijaguswa.

Na tujue nani anakula kwenye imani hii. Dalali anakula kamisheni yake siku ya mauzo na hayupo siku ya kuchemsha. Yadi inauza mzigo ambao nchi jirani zimeukataa mpakani. Duka la spea linakupenda kuliko mama yako. Wote hao watakuambia chuma ni cha zamani, na wote hao, ukichunguza, wenyewe wanaendesha magari ya karibuni.

Jiulize swali moja kabla hujahesabu noti mbele ya muuzaji: nikishamlipa, kitabaki nini? Ikiwa kinabaki cha kutosha kubadilisha vitu vya wiki ya kwanza na kulitunza mwaka mzima bila kukopa, nunua, hata kama gari lina miaka 20, nami nitakuwa wa kwanza kupanda. Ikiwa hakibaki kitu, panda Coaster ya mwenzako kwenda Mbeya, lipa nauli, na fungu lako lirudi shambani likalime mpunga mwingine. Nauli unaijua kabla hujapanda. Gharama ya gari bovu huijui mpaka likuache Isyonje usiku.